Ngano Inapomdhoofisha Mlaji: Kuufahamu Ugonjwa wa Siliaki na Chakula Kisicho na Gluteni

Katika nyumba nyingi za Masieda, mtoto anapopungua uzito, jambo la kwanza linalofanywa ni kumwongezea uji. Mama huchanganya mahindi, ulezi, karanga na ngano, hupeleka mashineni, akarudi na unga wa lishe anaouamini. Kwa watoto walio wengi, uji huo hufanya kazi yake. Lakini yupo mtoto mmoja mmoja ambaye kadiri anavyonyweshwa ndivyo anavyozidi kudhoofu. Tumbo hujaa, mikono na mapaja hukonda, choo huwa kingi, chepesi na chenye harufu kali, na mstari katika kadi ya kliniki huteremka mwezi baada ya mwezi. Majirani husema mama huyo hamlishi mwanawe. Yumkini anamlisha kuliko wao, ila ndani ya kikombe hicho mna kitu ambacho mwili wa mtoto haukubaliani nacho.

Kitu hicho huitwa gluteni, na ugonjwa unaotokana nacho huitwa siliaki. Si ugonjwa unaowapata watu wengi, na kuhara kwingi kunakoonekana katika vijiji vyetu kuna sababu nyingine. Hata hivyo, mwenye siliaki asipotambuliwa anaweza kuteseka miaka mingi, ilhali tiba yake haihitaji kidonge wala sindano. Inahitaji kujua ni nafaka gani ya kuacha na ni ipi ya kuendelea kula.

Siliaki ni nini

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Kila aliyewahi kukanda unga wa chapati ameiona kazi yake. Ndiyo inayofanya donge livutike bila kukatika, na ndiyo inayofanya mkate uumuke. Unga wa mahindi au wa mtama hauvutiki hivyo, kwa kuwa hauna gluteni ya aina hiyo.

Kwa mtu mwenye siliaki, kinga ya mwili huichukulia gluteni kama adui. Inapofika katika utumbo mwembamba, askari wa mwili huinuka kupigana nayo, na katika vita hiyo huujeruhi utumbo wenyewe. Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kazi yake ni kufyonza virutubisho. Kwa mgonjwa wa siliaki vinyweleo hivyo hufupika na kulala. Wakulima na wafugaji wa Mbulu wanafahamu vema kinachotokea katika malisho yaliyoliwa hadi udongo ukabaki wazi: mvua hunyesha, lakini maji hupita juu kwa juu na kuishia korongoni. Ndivyo ilivyo kwa chakula cha mgonjwa huyu. Anakula, lakini sehemu kubwa ya chakula humpitia.

Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja, kwa maziwa ya mama wala kwa ndoa. Si laana, na hautokani na uchafu wa nyumba. Mtu huzaliwa na maumbile ya kurithi yanayomweka katika hatari, kisha ugonjwa huweza kujitokeza baada ya kuanza kula gluteni, akiwa mtoto mchanga aliyeanzishiwa uji au akiwa mtu mzima. Kwa sababu hiyo, mmoja katika familia akithibitika kuwa nao, wazazi wake, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wanastahili kupimwa pia.

Jinsi sababu yake ilivyojulikana

Waganga wa kale wa Wayunani waliwaelezea wagonjwa wa aina hii, na jina la siliaki limetokana na neno lao la tumbo. Mwaka 1888 daktari Mwingereza, Samuel Gee, alichapisha maelezo ya watoto waliokuwa wakidhoofu kwa namna hiyo, akashauri kwamba tiba, kama ipo, itapatikana katika chakula. Hakujua bado ni chakula kipi.

Jibu lilitoka Uholanzi. Daktari wa watoto, Willem-Karel Dicke, alikuwa amekwisha kuitilia shaka ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, Uholanzi ilipatwa na njaa kubwa na mkate ukaadimika. Watu wengi walikufa, lakini watoto wenye siliaki waliokosa mkate walipata nafuu. Mkate ulipopatikana tena, maradhi yao yalirudi. Mwaka 1950 Dicke aliwasilisha tasnifu iliyoonesha kwamba ngano ndiyo iliyokuwa ikiwaumiza.

Kwa muda mrefu baada ya hapo ilidhaniwa kuwa siliaki ni ugonjwa wa Wazungu pekee. Dhana hiyo imeanguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 miongoni mwa watoto wa Kisaharawi, Waafrika wa Sahara Magharibi ambao chakula chao kikuu ni cha ngano, ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wana siliaki. Katika nchi nyingi zilizowapima watu kwa damu, kiwango hukaribia mtu 1 katika kila 100.

Suala hili linatuhusu kwa kuwa Mbulu na Hanang ni nchi ya ngano. Mashamba makubwa ya Basotu, yaliyoendelezwa na Shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970, yaliifanya Hanang ijulikane nchini kote kwa zao hilo, na wakulima wadogo wa wilaya zote mbili nao huilima. Chapati na maandazi, ambavyo mababu waliviona kwa nadra, leo ni kifungua kinywa cha kila siku. Penye ngano nyingi, mwenye siliaki hukutana na gluteni kila aendako.

Dalili za kuangalia

Kwa mtoto, dalili huonekana mara nyingi kati ya umri wa miezi 6 na miaka 2, baada ya kuanza kula vyakula vyenye ngano. Ni kuharisha kusikokoma, tumbo kujaa, kutapika, kukosa hamu ya kula, kuwa na hasira na kilio, na kutoongezeka uzito au urefu.

Kwa mtu mzima, siliaki hujificha zaidi. Wengine hawaharishi kabisa. Huwa na upungufu wa damu usiopona hata wakimeza vidonge vya madini ya chuma, uchovu wa kudumu, vidonda vya mdomoni vinavyorudi, mifupa dhaifu inayovunjika kirahisi, au ganzi ya mikono na miguu. Baadhi ya wanawake huchelewa kushika mimba au mimba huharibika mara kwa mara. Wapo pia wanaotokwa na malengelenge yenye mwasho mkali kwenye viwiko, magoti na makalio. Wenye kisukari cha aina ya kwanza na watoto wenye ugonjwa wa Down wako katika hatari kubwa kuliko wengine.

Dalili hizi nyingi hufanana na za maradhi yaliyo ya kawaida zaidi kwetu: minyoo, amiba na vijidudu vingine vya maji machafu, kifua kikuu cha tumbo, maambukizi ya VVU na utapiamlo. Tena mtoto anayeugua tumbo mara kwa mara kwa sababu ya maji na mazingira machafu anaweza naye kupata utumbo uliochakaa vinyweleo, bila kuwa na siliaki. Kwa hiyo mtu asijihukumu mwenyewe, na asimhukumu jirani. Wapo waliokonda kwa siliaki wakasemwa vibaya kijijini, na wapo waliouza mbuzi na ng'ombe kutafuta aliyewaroga. Panapo shaka, njia ni kwenda kupimwa.

Kupimwa kabla ya kuacha ngano

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya. Huko mhudumu hupima uzito, urefu, damu na choo, na kutibu magonjwa ya kawaida. Kuhara au kukonda kukiendelea licha ya matibabu, mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi. Kwa wakazi wa upande huu, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza kutoa huduma mwaka 1955, ndiyo iliyo karibu. Daktari akiona inafaa, mgonjwa huweza kupelekwa hospitali ya kanda ya KCMC mjini Moshi.

Vipimo vya siliaki ni viwili. Cha kwanza ni cha damu, kinachotafuta askari maalumu ambao mwili huwatengeneza dhidi ya gluteni na dhidi ya utumbo. Cha pili hufanywa kwa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kinywani hadi kwenye utumbo mwembamba, ambako daktari huchukua vipande vidogo vya nyama ili vitazamwe kwa hadubini.

Hapa pana jambo ambalo kila familia inapaswa kulishika: mgonjwa asiache ngano kabla ya kupimwa. Akiiacha, utumbo huanza kupona na askari hupungua katika damu, hivyo kipimo kinaweza kuonesha kuwa hana ugonjwa kumbe anao. Aliyekwisha kuacha amweleze daktari, naye atamwelekeza ale ngano kwa muda gani kabla ya kipimo. Mtoto aliyedhoofu sana, anayetapika au aliyeishiwa maji, asisubiri chochote. Apelekwe hospitali mara moja.

Kupimwa kuna faida nyingine. Masharti ya siliaki ni ya maisha yote, na haifai mtu kuyabeba kwa kubahatisha. Wala haifai familia nzima kuacha ngano kwa hofu. Kwa asiye na ugonjwa huu, ngano ni chakula chema na zao lenye thamani.

Tiba iko katika ghala la nyumbani

Hakuna dawa inayoondoa siliaki. Tiba ni kuacha kabisa ngano, shayiri na rai. Wagonjwa wengi huanza kupata nafuu ndani ya wiki chache. Utumbo wa mtoto hupona ndani ya miezi kadhaa, na wa mtu mzima huweza kuchukua miaka. Lakini gluteni ikirudi, ugonjwa nao hurudi, hata kama mtu alikwisha kujiona mzima.

Katika miji ya nchi tajiri, masharti haya ni gharama kubwa, kwa sababu chakula cha watu hao kimejengwa juu ya mkate. Mkazi wa Masieda ana nafuu ambayo wao hawana. Ugali wa mahindi hauna gluteni. Mtama, ulezi na uwele, nafaka walizokulia wazee wetu, hazina gluteni. Mchele, viazi vitamu, viazi mviringo, muhogo, ndizi, maharage, mbaazi, dengu, karanga, alizeti, maboga na mboga zote za majani ni salama. Nyama, samaki, dagaa, mayai, maziwa na asali ni salama. Kande ya mahindi na maharage ni mlo kamili kwake. Hata vyakula vya asili vya ndugu zetu Wahadzabe wa bonde la Yaeda, yaani nyama ya porini, mizizi, ubuyu, matunda na asali, havina gluteni hata chembe.

Vya kuacha ni chapati, maandazi, mkate, skonsi, keki, biskuti, sambusa, kalimati na tambi za ngano. Bia zinazotengenezwa kwa kimea cha shayiri hazifai, na vinywaji vya unga vyenye kimea hicho pia. Pombe ya kienyeji ya ulezi, mtama au mahindi haina gluteni maadamu haikuchanganywa na kimea cha ngano au shayiri, ingawa madhara mengine ya pombe hubaki palepale. Soseji, sosi ya soya na viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi vinaweza kufichwa ngano ndani yake, hivyo lebo isomwe. Kwa kuwa lebo nyingi huandikwa kwa Kiingereza, familia ijifunze maneno matatu: “wheat” ni ngano, “barley” ni shayiri na “malt” ni kimea. Viwango vya chakula vya kimataifa haviruhusu bidhaa kuitwa isiyo na gluteni ikiwa kilo moja ina zaidi ya miligramu 20 za gluteni. Kiasi hicho ni kidogo mno, na kinatosha kuonesha kwamba kuonja kidogo tu si jambo la kupuuzwa.

Unga wa lishe uangaliwe kuliko vyote. Kwa mtoto mwenye siliaki usinunuliwe sokoni ukiwa umekwisha sagwa, kwa maana haijulikani kilichomo. Utengenezwe nyumbani kwa ulezi, mahindi au mchele pamoja na karanga zilizochambuliwa, bila ngano wala shayiri.

Mwanzoni, maziwa mabichi au ya moto yanaweza kumjaza mgonjwa gesi, kwa sababu utumbo uliojeruhiwa hushindwa kusaga sukari ya maziwa. Maziwa ya mgando humfaa zaidi hadi atakapopona. Na kwa kuwa unga wa ngano wa viwandani huongezewa madini ya chuma na foliki asidi, aliyeuacha avipate kwa njia nyingine: maharage, dagaa, nyama, maini na mboga za majani, pamoja na vidonge ambavyo kliniki itamwandikia.

Mashine, gunia na kikaango

Kuna wagonjwa wanaoacha chapati lakini hawaponi. Mara nyingi sababu ni vumbi la ngano. Mashine iliyotoka kusaga ngano ya mtu mwingine hubakiza unga kwenye kinu na kwenye mfuko, na mahindi yanayofuata huuchukua. Yafuatayo husaidia:

Kwanza, familia izungumze na mwenye mashine. Nafaka ya mgonjwa isagwe asubuhi baada ya mashine kusafishwa, au baada ya madebe kadhaa ya mahindi ya watu wengine kupita. Unga wa mwanzo utengwe, ukaliwe na wengine nyumbani.

Pili, panapowezekana, kijiji kikiwa na mashine zaidi ya moja, ichaguliwe isiyosaga ngano. Kiasi kidogo cha ulezi wa mtoto kinaweza kusagwa kwa jiwe au kutwangwa kwa kinu cha nyumbani ambacho hakitumiki kwa ngano.

Tatu, mahindi na mtama wa mgonjwa visihifadhiwe katika magunia yaliyowahi kubeba ngano, wala visipepetwe kwa ungo wenye vumbi lake. Tahadhari iongezwe wakati wa mavuno ya ngano.

Nne, jikoni awe na sufuria, mwiko na chujio vyake. Mihogo na viazi visikaangwe katika mafuta yaliyokaangiwa maandazi. Chakula chake kipikwe na kufunikwa kabla ya chapati za wengine kusukumwa.

Shuleni, harusini na kanisani

Shida kubwa ya mwenye siliaki si jikoni kwake bali mbele za watu. Katika desturi zetu, kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima. Bibi humpa mjukuu andazi kwa upendo, na akiambiwa asimpe huona ananyimwa haki yake. Basi wazee waelezwe mapema na kwa adabu, tena na mzazi mwenyewe, kwamba kwa mtoto huyu andazi ni sawa na sumu ya polepole, na kwamba kiazi kitamu kutoka kwa bibi kitampendeza vilevile.

Shuleni, mzazi amjulishe mwalimu mkuu na mpishi kwa maandishi. Kande na ugali wa maharage havina tatizo, ila uji uulizwe umechanganywa na nini. Harusini na msibani, wali, nyama na maharage huliwa, mradi mchuzi haukuzidishwa uzito kwa unga wa ngano na pilau haikupakuliwa kwa kijiko cha sambusa.

Kanisani pia pana njia. Hostia ya Kanisa Katoliki hutengenezwa kwa ngano, na isiyo na gluteni kabisa haikubaliwi. Hata hivyo, barua ya Vatikano ya mwaka 2017 ilikumbusha kwamba hostia yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa, na muumini asiyeweza hata hiyo huweza kukomunika kwa divai peke yake. Waumini wa madhehebu mengine wazungumze na wachungaji wao kabla ya ibada. Hakuna haja ya mtu kujitenga na meza ya Bwana kwa kuona haya.

Pa kuanzia

Mzazi mwenye mtoto anayekonda, au mtu mzima mwenye dalili zilizotajwa, aanze kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chake au zahanati iliyo karibu. Aende na kadi ya kliniki, na kadi ya bima ikiwa anayo. Itamfaa aandike kwa wiki mbili chakula anachokula mgonjwa kila siku na hali ya choo chake, kwani maelezo hayo humsaidia daktari kuliko kumbukumbu ya siku moja. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji nayo ni nafasi nzuri ya kupima ukuaji wa mtoto na kuuliza maswali.

Mtoto aliyeandikiwa kuacha ngano arudishwe kliniki kwa tarehe alizopangiwa, hata akianza kunenepa. Uzito wake utaendelea kupimwa, damu itaangaliwa, na mama ataelekezwa namna ya kumlisha kadiri anavyokua. Mstari uliokuwa ukiteremka katika kadi unaweza kupanda tena, kwa uji wa ulezi uliosagwa mahali safi.